Mutu wa Kuzika

Benny alimkuta Mama Nabintu wa Keshero amesimama mbele ya mabamba ya amianti, yaani asbesto, yaliyoshushwa kutoka paa lake kuukuu, akinung'unika. Moyo wa Benny ukachangamka. Maneno alikuwa nayo tele. Alichokosa ni chumba cha kulala, tangu afukuzwe alikopanga.

"Muganga anasema ukiikata ao ikivunjika, vumbi yake inaingia mu mapafu na haitokake," mama alieleza. "Inaomba kuizika. Na hapa, nani atachimba? Chini yote ni mawe ya volkano!"

"Mama, miye niko mutu wa kuzika," alisema Benny kwa upole wa padri. "Uniachie."

Akafunga kitambaa cha kashe-ne puani, akapakia mabamba kwenye chukudu, kile kibaiskeli cha mbao cha kusukuma, akaenda kuyazika Majengo, juu ya ardhi, kwa mzee Bashige aliyekuwa akijenga vyumba vya kupangisha.

"Muzee, mulima ukitapika, bati inayeyuka. Hii haiunguake. Moto unapita, weye unaupungia mukono."

Kwamba amianti haiungui ni kweli. Benny hakupenda kusema uongo mahali ambapo nusu ya ukweli ingetosha.

"Na bei?"

"Chumba moja tu, muzee. Mwaka muzima."

Wakapeana mikono.

Kesho yake Benny alifika na godoro kichwani. Bashige alikuwa akimngoja, msumeno mkononi.

"Bamba ya chumba yako imepita ukuta. Kata, mutoto yangu."

"Muzee, kashe-ne nimeisahau..."

"Ya nini? Jana mvua ilinyesha, vumbi hakuna, na weye umefunga pua. Nikajiuliza. Kata basi!"

Benny aliweka msumeno juu ya alama. Akauinua tena. Alikwisha kuwalaghai wenye nyumba na mapolisi. Mapafu yake hayakulaghaika.

"Muzee... tusikate."

"Kumbe! Na batu balale chini yake?"

Benny akauweka msumeno chini. Bashige hakupiga kelele. Aliyamwagia mabamba maji, akayafunga kwa plastiki, akampa Benny baramina, mtaimbo wa kuchimbia.

"Rudisha kule uliitosha, uizike. Godoro inabakia hapa mpaka nione shimo."

Huko Keshero baramina iligonga jiwe, ngo! Ikaruka. Mama Nabintu akatoa kiti, akaketi kivulini.

"Papa Benny, si ulisema uko mutu wa kuzika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi zika."

Ngo!