Kuanzia Leo Ghuba Imeganda

Idara ya Uwepo wa Barafu ina furaha kubwa kuwatangazia wakazi wote wa Naujarvik kwamba, kuanzia leo, tarehe mosi Novemba, ghuba imeganda. Njia ya barafu ya kwenda ng'ambo itazinduliwa Jumamosi na Mkurugenzi mwenyewe. Kwa kuwa ghuba imeganda, hakuna maji. Na kwa kuwa hakuna maji, ni marufuku mtu yeyote kuonekana na boti.

Mosesie Tagalik, ofisa wa Idara hiyo kijijini, alilisoma tangazo kwenye redio ya kijiji katikati ya bingo, mchezo wa namba ambao watu huucheza majumbani wakisikiliza redio, kwa sauti aliyoifanyia mazoezi bafuni. Alipomaliza akachungulia dirishani. Mawimbi yalikuwa yakipiga kwa ukaidi mtupu. Mosesie akayasamehe. Tangazo lilikuwa bichi, huenda halijawafikia wahusika wote.

Asidhaniwe mjinga. Aliona vizuri kwamba barafu ilikuwa utando wa kijivu kando ya ufuko, na mbele yake maji meusi mpaka macho yachoke. Lakini Idara ilikuwa na kalenda, na kalenda haikuwa na shaka. Tena kulikuwa na suala la uhamisho wake kwenda mjini, kwenye ofisi yenye zulia na kiti kinachozunguka. Mtu aliyeajiriwa na Idara ya Uwepo wa Barafu akisema barafu haipo, huyo anatafuta kumwaga unga. Basi Mosesie akashuka ufukweni, akazifunga boti zote mnyororo mmoja, akauvaa ufunguo shingoni.

Shida ilikuwa mkewe. Si wa nyumbani, huyo alikuwa mpole. Ni Bibi Uluriak, mwanamke wa miaka sabini na ushei. Mosesie alizaliwa mwaka uleule aliokufa mume wa bibi huyo, akapewa jina la marehemu, na huku anayebeba jina hubeba na ndoa. Tangu anatambaa ameitwa mume wangu, ameshonewa viatu vya ngozi ya sili, na ameulizwa kitoweo kiko wapi.

"Mume wangu, nyama yangu ya walrasi iko wapi?"

"Iko ng'ambo, bibi. Palepale ulipoivundika chini ya changarawe kiangazi."

"Na dubu wako wapi?"

Mosesie akajitia hamnazo.

"Nakuuliza wewe!"

"Ng'ambo."

"Ehe! Hawana barafu ya kuwindia sili, wanazurura ufukweni wananusanusa changarawe. Wataifukua yote. Na wewe umekaa na ufunguo shingoni kama bibi harusi! Nimeolewa na nani mie, jamani?"

"Jumamosi njia inafunguliwa, bibi. Utapita juu ya barafu."

"Barafu gani?"

"Iliyopo."

"Mume wangu wa kwanza alipita juu ya iliyopo," akasema Bibi Uluriak, na safari hii hakuwa akitania.

Nyama ile ya walrasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno marefu kama pembe, ndiyo ingemvusha bibi na nyumba zote za mtaa wake majira ya baridi. Kuku wa dukani alikuwa ghali, na ladha yake ni ya karatasi aliyofungiwa.

Jumamosi ndege ikamshusha Mkurugenzi Haverstock, na mpiga picha wake, na utepe, na pikipiki mpya ya theluji. Nusu ya kijiji ikateremka ufukweni, nusu ikabaki nyumbani na bingo ya redioni. Mkurugenzi akahutubia kuhusu uthabiti, kisha akasoma utaratibu: ofisa wa eneo atatangulia kuvuka, kuonyesha imani ya jamii, yeye atafuata baada ya picha.

Mosesie akaitazama barafu. Ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu, mawimbi yakiisukuma kwa chini. Akajaribu kuliwaza lile zulia, likagoma kuja.

Bibi Uluriak akasogea na chusa, akaichoma barafu pigo moja. Ncha ikazama yote, maji yakachuruzika juu.

"Ni unyevunyevu wa kawaida," Mkurugenzi akasema.

Bibi akamkamata Mosesie kofia ya koti. "Huyu simtoi. Nilishatoa mmoja."

Mosesie alisikia bibi akizidi kuikaza kofia kisogoni mwake, na hapo akapata maneno. Akakohoa kiofisa.

"Mheshimiwa, waraka wako mwenyewe unakataza ofisa wa daraja langu kumtangulia Mkurugenzi katika uzinduzi wowote. Sithubutu."

Ilikuwa kweli. Mkurugenzi aliuandika waraka ule baada ya mtu wa masjala kumtangulia kwenye meza ya chakula. Sasa mpiga picha alikuwa ameinua kamera, na watoto walikuwa wakipiga makofi. Mkurugenzi akapiga moyo konde, akawasha pikipiki, akakata utepe kwa kifua.

Hakufika mbali. Nyuma ya pikipiki ikadidimia, yeye akaruka mbele, akaangukia kipande cha barafu chenye ukubwa wa meza ya kulia. Kipande hicho, bila kufuata ngazi yoyote ya mamlaka, kikaanza safari.

Redio ya mkononi ya Mosesie ikalia, Mkurugenzi akiita kwa ya kwake. Mtangazaji wa kijiji akaiunganisha hewani, kama inavyofanywa kila mtu akipatwa na janga.

"Lete boti!"

"Boti ya nini, mheshimiwa?"

"Ya kunichukua!"

"Muulize yuko juu ya nini," akanong'ona Bibi Uluriak.

"Mheshimiwa, uko juu ya nini?"

"Ya barafu!"

"Basi hongera. Ndiyo njia yenyewe. Rudi taratibu."

"Pembeni ya barafu kuna... upungufu."

"Wa nini?"

"Wa ugumu!"

"Kwa upungufu wa ugumu hatuna kibali cha boti, mheshimiwa."

Pembe ya barafu ikameguka.

"Maji! Ni maji, jamani! Maji matupu, hata nilipotia sahihi nilijua ni maji!"

Katika kila nyumba ya Naujarvik, mikono ikaganda juu ya kadi za bingo. Mosesie akavua ufunguo, akaufungua mnyororo, akaisukuma boti majini pamoja na Bibi Uluriak.

Wakamwopoa Mkurugenzi, wakamvika koti la ngozi ya kulungu wa theluji, wakampa chai. Boti ikazidi kwenda mbele.

"Kijiji kiko kule nyuma," akasema.

"Tunakijua," akajibu Bibi Uluriak. "Lakini si umefungua njia ya ng'ambo? Ndiyo tunaitumia."

Ng'ambo waliwakuta dubu wawili, mbavu nje, wakifukua changarawe juu ya nyama. Bibi Uluriak akawatazama kwa huruma, kwani njaa yao na yake zilitoka mlango mmoja. Kisha akamsukuma Mkurugenzi mbele ya boti, akamkabidhi redio.

"Haya, watangazie na hawa kwamba ghuba imeganda. Waende wakawinde sili."

Mkurugenzi akawatazama dubu. Dubu wakaacha kufukua, wakakaa kusikiliza.