Kabichi Iliyokata Tamaa

Jumatatu, 9 Juni

Nimeteuliwa! Mimi! Programu ya vijana chipukizi wa chakula endelevu vyuoni imechukua wawili kutoka chuo chetu, na mmoja ni mimi. Wa pili ni Kalamu, yule msichana wa darasa letu anayechomeka kalamu kwenye nywele utadhani mtihani unaweza kuanza wakati wowote. Sijui waliona nini kwake.

Mafunzo yamefunguliwa leo, ukumbi wa maktaba, pamoja na chipukizi wa vyuo vingine. Mkufunzi wetu ni mama mwembamba mwenye sauti ya upole. Upole wa kutisha. Ametueleza kazi yenyewe: kila chuo kibadilishe kantini yake. Mboga zitoke kwa wakulima wa karibu, chakula kisimwagwe, wapishi waheshimiwe. Mwishoni kuna mkutano mkuu wa vyuo vyote, na mtu mmoja kutoka kila chuo atapanda jukwaani kuhutubia. Hotuba yangu iko tayari. Niliiandika kabla hata sijatuma maombi.

Kisha Mkufunzi akasoma maombi yangu mbele za watu. Nilikuwa nimeandika kwamba kantini yetu inapika kabichi iliyokata tamaa, kwamba mpishi mkuu ni adui wa mboga zote, na kwamba nitamng'oa. Makofi! Kalamu akaunakili ule mstari wa kabichi.

Tatizo ni dogo tu. Huyo mpishi mkuu, ambaye chuo kizima kinamwita Mama Kantini, ni shangazi yangu. Dada yake baba, tumbo moja. Naishi kwake, nalala chumba chake cha uani, na kabichi ile naila mchana kantini na jioni nyumbani. Hakuna anayejua. Mwaka wa kwanza nilimwomba tusijuane mbele za watu, nikasema ni kwa ajili ya heshima yake, wasije wakasema anapendelea ndugu. Akafurahi kuwa kaka yake amezaa mtoto mwenye adabu. Mpaka leo ananiongezea kijiko kimoja huku akitazama pembeni.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Nikishinda, shangazi hana kazi na mimi sina kitanda. Nikishindwa, natimuliwa kwenye programu na hotuba inaoza sandukuni.

Jumanne, 10 Juni

Leo tumefundishwa mazungumzo ya ana kwa ana. Unakaa na mtu mmoja. Unamuuliza habari za maisha yake, unasikiliza, humkatizi, humhubirii. Mwishoni kabisa unamwomba jambo moja. Mkufunzi anasema harakati zote zinaanzia hapo.

Mazoezi wawili wawili. Nikapangiwa na Kalamu. Nikamuuliza kwa ustadi mkubwa ni nini kinachomsumbua moyoni. Naye akaniuliza ni nini ninachokiogopa. Wote tukaanza kusikiliza. Tulisikilizana kimya muda mrefu, mpaka Mkufunzi akaja kuuliza kama tumegombana. Basi nikafungua mdomo mimi. Kidogo nitaje kitanda! Ana masikio ya hatari yule msichana. Tulipomaliza nilikuwa nimeahidi kuwahi kila asubuhi kupanga viti, na yeye hajaniahidi hata salamu.

Halafu pigo. Kazi ya nyumbani: nimfuate Mama Kantini, tuzungumze ana kwa ana, kesho nilete ripoti. Kalamu akajitolea kunisindikiza. Nikaruka kama nimekalia moto. Nikasema Mama Kantini hapendi kabisa watu wawili wawili.

Jioni nilijaribu, Mungu shahidi. Shangazi alikuwa anamenya vitunguu. Nikamuuliza, kwa sauti ya Mkufunzi, ana ndoto gani kazini kwake. Akaweka kisu chini, akanigusa kipaji cha uso kwa mgongo wa mkono, akasema nina homa. Akanipa vidonge na kunifukuza jikoni.

Ripoti nikaitunga mwenyewe. Mama Kantini amekataa katakata. Amesema wanafunzi wale wanachopewa. Nikaisoma, nikaiona imepoa. Nikatia chumvi kidogo: aliponiona nakaribia, aliinua mwiko.

Jumatano, 11 Juni

Chumvi imezidi!

Mkufunzi alisoma ripoti, akavua miwani. Akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kusikia mpishi akimwinulia mwanafunzi mwiko. Mpango wote umebadilishwa. Ijumaa saa sita mchana, chipukizi wa vyuo vyote watakuja kantini kwetu, na mabango, kumkabidhi Mama Kantini madai uso kwa uso. Na mimi nitatangulia mbele, kwa sababu ndimi niliyeteseka. Wakanipigia makofi wamesimama.

Baadaye tukachora ramani ya nguvu. Ni karatasi kubwa ukutani: katikati unaandika mwenye uwezo wa kukupa unachokitaka, na wengine unawaunganisha kwake kwa mishale. Nikaandika MAMA KANTINI, herufi nene. Kalamu akauliza nani hasa anaamua inunuliwe kabichi gani. Nikamjibu ni mpishi, nani mwingine. Akauliza kama nilimuuliza mpishi. Nikasema mwiko haukunipa nafasi. Hakubisha. Akaandika kitu, akairudisha kalamu kwenye nywele, na sikupenda alivyoirudisha.

Njia ni moja tu: Ijumaa shangazi asiwepo mjini. Nilipofika nyumbani nikamwambia baba amepiga simu. Mgongo umemkamata, hawezi hata kuinuka, na hataki kumwona mtu ila dada yake. Kwa baba ni mbali, ukienda huwezi kurudi siku hiyo hiyo. Shangazi alishika mdomo kwa mikono miwili. Akasema Ijumaa alfajiri yumo ndani ya basi.

Macho yake yalilengwa na machozi. Niliumia, sitaki kujidanganya. Aliniletea sahani iliyojaa pomoni, akasema nile kwani na mimi nina huzuni ya baba. Hapo nikaumia zaidi. Niliimaliza yote.

Alhamisi, 12 Juni

Mambo yote yanakwenda vizuri na hilo ndilo linalonitia hofu.

Shangazi amefunga begi lake. Lakini anaimba! Mtu ambaye kaka yake yuko kitandani hafungi begi anaimba. Nikamuuliza kwa mbali kama amempigia baba simu. Akasema mgonjwa hasumbuliwi. Akanitazama kidogo, jicho lile lile analomtazamia muuza nyanya aliyezipanga nzuri juu na mbovu chini.

Chuoni wanapaka rangi mabango. Langu amelitengeneza Kalamu kwa hisani yake. Herufi zimejaa kutoka pembe hadi pembe: KABICHI HII IMEKATA TAMAA. Nikapendekeza maneno laini zaidi, labda KABICHI HII INAWEZA KUJITAHIDI. Akakataa. Akasema maneno yenye nguvu ni ya yule aliyeteseka, na haki ya kulibeba ni yangu.

Jambo jingine. Mchana nilimwona Kalamu anatokea mlango wa nyuma wa jiko la kantini, ana unga mpaka kwenye viwiko. Nikamuuliza alifuata nini. Akasema maji ya kunywa. Tangu lini maji yakamwachia mtu unga?

Jioni chakula hakikupita. Haijawahi kunitokea. Shangazi akauliza kama kabichi imeniudhi kitu. Nilipaliwa, akanipiga mgongoni. Alinipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa, 13 Juni

Nianzie wapi, jamani.

Alfajiri nilichungulia dirishani, nikamwona shangazi anatoka na begi na kushika njia ya kituo cha mabasi. Nilicheza peke yangu chumbani. Saa sita tukaingia kantini kwa nyimbo, mimi mbele na bango langu, nikitarajia kumkuta mpishi msaidizi, mtu mnyonge, apokee karatasi ya madai tuondoke salama.

Shangazi alikuwa amesimama juu ya benchi. Kavaa aproni. Wapishi wote wako nyuma yake. Na pembeni, amelikalia lile begi, yuko baba, anakula maharage.

Baba akainuka kunisalimia. Akainuka vizuri kabisa. Kisha akainama, akagusa vidole vya miguu, akanyanyuka, akainama tena, huku akinitazama.

Nikajificha nyuma ya bango. Kati ya mabango yote niliyoweza kujificha nyuma yake, nilikuwa na lile.

Shangazi alilisoma kwa sauti, polepole. Akauliza ni nani mwenye maneno hayo. Chipukizi tumefundishwa kutoiba maneno ya mtu. Basi wote wakaninyooshea kidole, tena kwa fahari! Mkufunzi akaongeza, kwa ule upole wake, kwamba huyu ndiye kijana aliyeinuliwa mwiko. Shangazi akauliza mwiko gani.

Kisha akawatangazia wote. Kwamba huyu ni mtoto wa kaka yake, kaka mwenyewe ndiye yule pale mwenye mgongo, aliyempigia simu Jumatano usiku na kumpokea kituoni leo alfajiri. Kwamba analala nyumbani kwake. Kwamba kabichi hiyo ameila tangu mwaka wa kwanza na hajawahi kukosa kuongeza. Watu wakavunjika mbavu. Mmoja wa chuo jirani alilazimika kukaa chini.

Kalamu ndiye aliyenyamazisha kicheko. Kumbe tangu Jumanne alikuwa akiingia jikoni, anakanda unga na kusikiliza! Akaeleza kwamba kabichi haichaguliwi na Mama Kantini. Huagizwa na Afisa Ugavi wa chuo, huletwa na lori kutoka mbali, hufika imenyauka, na wapishi wamelalamika miaka na miaka. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuwauliza. Jana wapishi wenyewe walikubali kuungana na sisi. Yaani jiko zima lilijua isipokuwa mimi kiongozi.

Shangazi akashuka kwenye benchi, akaja hadi nilipo. Akasema maneno ya bango ni kweli tupu, yeye mwenyewe asingeyapata vizuri hivyo. Kilichomuuma ni kuyasoma kwenye bango wakati kila siku tunakula meza moja.

Akaninyang'anya bango, akaliinua juu, akawaongoza wote kuvuka uwanja hadi ofisi ya Afisa Ugavi. Baba akafuata na sahani yake. Nasikia Afisa alichungulia dirishani, akaona wanafunzi, wapishi na miko, safari hii imeinuliwa kweli, akakubali hapo hapo kununua kwa wakulima wa karibu kuanzia muhula ujao. Nasema nasikia kwa sababu mimi nilibaki kantini. Lazima mtu aangalie masufuria.

Maharage yaliungua.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya hukumu, na zilikuwa tatu.

Mkufunzi: sitafukuzwa. Kampeni imeshinda, amesema, ingawa imeshinda kwa kunizunguka. Niandike ukurasa mmoja kuhusu nilichojifunza. Nimeandika nusu, nusu nyingine nimeiazima kwa Kalamu bila kumsumbua kwa kumwomba.

Baba: wakati wa kuondoka aliniambia nimbebee begi hadi kituoni, mgongoni, nijue mgongo ukiuma unaumaje. Shangazi alikuwa amelijaza viazi vya zawadi. Sasa najua.

Shangazi: alinikalisha jikoni, ana kwa ana, akaniuliza nilikuwa naogopa nini. Nikasema ukweli. Naogopa akikosa kazi, naogopa kukosa pa kulala, naogopa kuwa si mtu mbele za watu. Alicheka hadi akafuta machozi kwa aproni. Akasema chumba cha uani ni changu hata nikiitukana kabichi redioni. Ila nitaosha masufuria makubwa ya kantini hadi muhula uishe.

Nililia kidogo. Vitunguu vilikuwepo, lakini havikuwa vitunguu. Nimemwahidi, kwa moyo wangu wote, kwamba sitamsingizia mtu ugonjwa tena maishani. Najisikia mwepesi. Nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Jumatatu, 16 Juni

Balaa!

Mkufunzi ametangaza atakayehutubia mkutano mkuu kwa niaba ya chuo chetu. Si mimi. Nilijiandaa kwamba angekuwa Kalamu, na kwa Kalamu nilikuwa na mpango. Si Kalamu. Ni shangazi! Kalamu ndiye aliyempendekeza, na ukumbi mzima ukashangilia. Na hotuba yangu? Na koti nililokwisha kulipiga pasi?

Nimekaa chumbani nikatafakari kwa utulivu, kama mtu aliyebadilika. Shangazi hajawahi kupanda jukwaani. Ngazi zile ni ndefu. Taa ni kali. Akitetemeka je? Akisahau maneno je? Mimi nafikiria heshima yake tu, kama nilivyoifikiria tangu mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo nimempigia Mkufunzi sasa hivi, sauti nimeishusha. Nimemwambia Mama Kantini mgongo umemkamata tangu mchana, hawezi hata kuinuka. Daktari amesema asipande ngazi yoyote. Nikaongeza kwamba mimi, ingawa sistahili, niko tayari kubeba mzigo wa kuhutubia badala yake.

Mkufunzi alisikiliza hadi mwisho. Akasema pole sana. Akasema kwa upole kwamba ngoja ampe mgonjwa neno la faraja, akakata.

Jikoni shangazi anaimba huku anaburuta gunia la viazi. Simu yake inaita.