Kikombe Changu Kimegeuzwa Ukutani

Jumatatu, 14 Januari

Baridi nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Jana tumefungwa tena. Mara ya sita mfululizo! Mbweha wa Torvald, timu yetu ya hoki ya barafuni, mabingwa wa wilaya mwaka jana, na sasa hata wapinzani wetu wa Kessling wanatuonea huruma.

Saa tatu asubuhi nilikuwa kantini ya uwanja wa barafu kama kawaida. Vikombe vyetu vimetundikwa ukutani, kila mtu na msumari wake. Wangu ni wa nne, baada ya wa Arvid na wa Delmar. Wa tano ulikuwa wa Doreen, mke wangu. Bernice wa kantini alikitoa kikombe cha Doreen mwaka juzi, wiki moja baada ya mazishi, akanikabidhi kimefungwa kwa gazeti. Msumari bado upo.

Mjadala wa leo: nani wa kulaumiwa? Arvid Tollefson, anayenipinga tangu darasa la pili, alisema ni kocha, anabadilisha wachezaji kama mtu anayechagua viazi gizani. Delmar Friesen, ambaye hajawahi kumlaumu hata mbu, alisema vijana wamechoka, wanatoka zamu mgodini na kuingia uwanjani. Bernice alikuwa anafuta meza. Akasema sisi wote hatujui kitu. Mkosi ulianza tarehe 29 Desemba. Tunaongoza tatu bila, zimebaki dakika mbili, na mtu fulani jukwaani akatamka kwa sauti kwamba leo kipa wetu hafungwi hata moja.

Hapa Torvald hata mtoto wa chekechea anajua: kipa akiwa hajafungwa, hutamki. Mtukane refa, mtukane na mchungaji ukitaka, lakini neno hilo unalimeza mpaka king'ora cha mwisho. Siku ile tulifungwa matatu katika dakika mbili, na la nne kwenye muda wa nyongeza.

Arvid aliapa kwamba akimjua mtu huyo atamchimbia kwenye theluji kichwa chini miguu juu. Hata Delmar alisema mtu wa namna hiyo hastahili kunywa kahawa na watu. Nilikubaliana nao kwa nguvu zote. Nilipiga meza mpaka sukari ikamwagika.

Ni mimi niliyetamka.

Jumanne, 15 Januari

Sikulala vizuri. Nimefikiria.

Kosa si langu peke yangu. Miaka thelathini na moja Doreen alikaa kushoto kwangu. Dakika za mwisho nilikuwa namgeukia, nafungua mdomo, naye ananiziba kwa glovu yake ya sufu kabla neno halijatoka. Siku ile niligeuka kama kawaida. Hakukuwa na glovu.

Lakini hilo huwezi kulieleza mezani. Wakijua, kikombe kitashushwa. Na nikikosa ile meza nitaongea na nani? Na jokofu? Lazima apatikane mwingine wa kubeba lawama, tena upesi.

Mpango wa kwanza: kocha. Nimeandika barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto. Kurasa mbili. Kali! Kesho naibandika kwenye ubao wa matangazo.

Jumatano, 16 Januari

Barua imewavutia wote. Bernice aliisoma kwa sauti mara mbili. Delmar alisema aliyeandika hivi ni mtu mwenye akili na uchungu na timu. Nilianza kuvimba kichwa. Kisha mtu wa meza ya pili akasema mwandiko mbaya kiasi hicho ni wa Arvid tu.

Arvid hakukana! Alitazama chini kwa unyenyekevu, mwizi yule. Wakampiga piga mgongoni. Bernice akamkatia kipande cha pai ya matunda bila kumwomba pesa. Mimi nililipia changu.

Kocha naye alipita, akaisoma, akasema ina hoja, akaendelea na safari yake. Kwa hiyo hakuna aliyelaumiwa na Arvid amekula pai.

Alhamisi, 17 Januari

Nimepata! Kofia ya Arvid. Ya sufu, nyekundu, ina pambo juu kama nyanya. Binti yake alimletea Krismasi kutoka Calgary. Alianza kuivaa uwanjani lini? Tarehe 29 Desemba! Nilimnong'oneza Delmar kwamba mkosi umekaa kichwani mwa mtu fulani. Delmar alicheka, akasema kofia haifungi magoli.

Sawa. Nitawathibitishia. Jumamosi tutacheza bila kofia hiyo. Tukishinda, kofia ina hatia, na mimi nimenusurika.

Jumamosi, 19 Januari

Niliichukua kwenye ndoano ya kantini kipindi cha kwanza, nikaisukuma ndani ya koti. Jasho lilinitoka. Nilikaa kama mama mjamzito mpaka mwisho.

Tumefungwa tano kwa moja.

Arvid aliitafuta chini ya kila benchi. Aliuliza kila mtu. Mimi nilimsaidia kutafuta. Mwishowe alikwenda nyumbani kichwa wazi, mikono masikioni, mzee wa miaka sitini na saba. Sasa kofia haina hatia na mimi ni mwizi. Ipo mezani inanitazama. Kesho naenda kuidondosha nyuma ya benchi, kimya kimya.

Jumapili, 20 Januari

Siku mbaya kuliko zote.

Jana nilisahau kuchomeka waya wa kupashia injini joto, kwa hiyo pikapu imegoma. Nyuzi thelathini na sita! Nikaamua kutembea. Dakika kumi tu. Katikati ya njia masikio yakaanza kufa. Mtu akiwa anakufa masikio hafikirii. Mkono uliingia mfukoni wenyewe.

Niliingia kantini nimevaa kofia ya Arvid.

Leo hapakuwa na mechi, kwa hiyo walikuwa mezani wote, hawana pa kutazama ila mlangoni. Arvid alikuwa amepakwa dawa masikio yote mawili. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, polepole, "Lorne. Kwa nini, bwana?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo wa aina mbili tayari. Lakini aliuliza kwa upole mno, nikaropoka yote. Kofia, barua, na lile neno. Hata Delmar alishika shavu.

Hukumu ilitolewa na Bernice. Nisitie mguu uwanjani mpaka Mbweha washinde. Kahawa pia hakuna. Arvid alinyanyuka, akakigeuza kikombe changu kikatazama ukuta. Ua lililochorwa mbele halionekani tena.

Nilirudi kwa miguu bila kofia. Hakuna aliyenisindikiza hadi mlangoni.

Jumatano, 23 Januari

Siku ya tatu. Nimechemsha kahawa nyumbani, birika zima, kwa mazoea. Nimemwaga nusu.

Nilipiga simu duka la vifaa nikauliza bei ya misumari. Kijana alinijibu vizuri. Nikauliza na ya kamba. Nikauliza ya ngazi. Akaniuliza, mzee, unajenga nini? Nikasema sijaamua bado.

Jioni nilipita na pikapu mbele ya kantini, taratibu. Dirishani niliona mgongo wa Delmar na mkono wa Arvid ukipunga hewani. Bila shaka alikuwa anasema jambo la kipumbavu kuhusu kipa, na hakuna wa kumpinga!

Nina upweke. Nimeandika. Basi.

Jumamosi, 26 Januari

Hawakusema nisije kwenye maegesho. Nilisimamisha pikapu ukutani kabisa mwa uwanja, injini inaunguruma, redio imewashwa. Kelele za watu nilizisikia mara mbili, kwanza kupitia ukuta, halafu redioni.

TUMESHINDA! Mbili kwa moja! Nilipiga honi mpaka kioo kikatetemeka.

Delmar alitoka na kahawa. Ndani ya kikombe changu! Nilidhani nimesamehewa, nikaanza kufungua mlango. Akaukandamiza kwa goti. Alikuwa na aibu, maskini. Alisema wamejadili. Mechi saba nikiwa ndani, saba tumefungwa. Mechi moja nikiwa nje, tumeshinda. Hawana ugomvi nami tena, wananipenda, ila wananiomba tu kwa heshima niendelee kukaa nje. Mpaka msimu uishe Machi.

Kisha Arvid naye akaja, akaingia kiti cha abiria bila kubisha. Masikio yake yanabanduka kama kitunguu. Alisema ile barua ya kocha ilikuwa nzuri, na pai ilimkwama kooni. Nikamwambia afadhali ingemnyonga. Akasema kipa wetu ana goti bovu. Nikamwambia goti bovu ni lake. Tulibishana dakika kumi nzima! Akaondoka. Kiti kilibaki na joto kwa muda.

Jumapili, 27 Januari

Nilifika saa saba, mechi ni saa nane. Niliusafisha upande wa abiria, nikatoa taka zote.

Kipindi cha kwanza: mbili bila. Hakuna aliyetoka. Cha pili: tatu bila. Hakuna. Wanakula soseji ndani, wanaimba. Nimesikia hadi sauti ya Bernice. Cha tatu, dakika zimebaki tano, nne bila! Mtangazaji wa redio anazunguka zunguka kama mtu anayekanyaga mayai. Halitamki. Ni mtu wa hapa hapa.

Niligeuka kushoto. Dirisha na theluji. Niligeuka kulia. Kiti kitupu. Nilingoja kidogo, kweli nilingoja.

Halafu nikasema, si kwa sauti kubwa: "Leo hafungwi hata moja."

Sekunde ishirini hivi. Redio ikapiga ukelele. Amefungwa!

Mlango wa uwanja ulifunguka kwa kishindo. Arvid mbele na kofia yake nyekundu, Delmar nyuma yake bila koti, Bernice na aproni, wanateleza kwenye barafu kama ndama. Walining'ang'ania mlango. Arvid alifoka, "Umesema! Lorne, umesema wewe!" Niliapa kwa kaburi la mama yangu kwamba sijafumbua mdomo. Delmar alisema macho yangu yanasema mengine. Bernice akaamuru watu wasogee, kuna baridi.

Wakaingia wote watatu. Kiti kimoja kirefu, watu wanne. Arvid aliniziba mdomo kwa glovu yake na hakuiondoa mpaka king'ora. Ilinuka mafuta ya trekta. Nne kwa moja, tumeshinda, na bado hakuna aliyekimbilia kutoka. Vioo viliingia ukungu. Delmar alilaumu uchovu, Arvid alimlaumu kocha, Bernice alinilaumu mimi. Sijafurahi hivi tangu mwaka juzi.

Wamepitisha azimio. Kila mechi mmoja wao atakaa nami garini kuchunga mdomo wangu, kwa zamu. Jumamosi ijayo anaanza Delmar. Delmar ni mtu mwema, lakini ni mpole na sikio lake la kushoto halisikii vizuri.

Mmoja hatoshi. Jumamosi sitangoja kipindi cha tatu. Nitalisema mapema, upande wa sikio bovu, na Arvid na Bernice wataona wenyewe kwamba mimi si mtu wa kuchungwa na Delmar peke yake.