Jukwaa la Heshima

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane

Habari kubwa! Jumapili hii mashindano ya pikipiki yanafika kwetu Kisangani. Si mchezo wa vijana wa mtaa. Grand Prix kamili! Wapanda pikipiki kutoka Bunia, Isiro, Kindu, hata mmoja kutoka Kinshasa, amekuja kwa ndege yeye na pikipiki yake. Watazunguka mara ishirini kwenye barabara ya udongo ya kuelekea Masako. Wamejenga jukwaa la mbao lenye paa la bati na kuliandika kwa rangi ya bluu: JUKWAA LA HESHIMA. Kwingine kote ni kamba, jua, vumbi na viwiko vya watu.

Mimi pikipiki hazinihusu sana. Nazijua kwa kupanda nyuma ya mtu na kufumba macho. Lakini keshokutwa mama mkwe, Mama Pélagie, anapanda kutoka Yanonge kwa mtumbwi wa mota, na yeye anapenda kila kitu chenye mota. Basi mimi, Sébastien, mwandishi wa barua za watu mbele ya ofisi ya komini, yaani manispaa, ya Mangobo, mwenye mashine ya kuchapa isiyokuwa na herufi G, nimeamua. Mama mkwe atakaa kwenye Jukwaa la Heshima.

Sababu naiandika hapa kwa siri. Nimekaa na binti yake, Odile, miaka kumi na mmoja. Mahari ilifika yote, hata yule mbuzi wa mwisho. Na hadi leo Mama Pélagie hajaniita bokilo, yaani mkwe, hata siku moja. Ananiita "ule mutu ya Opala", kwetu nilikozaliwa. Nikimtumia sabuni, anajibu kwamba sabuni ya ule mutu ya Opala imefika. Miaka kumi na mmoja! Inauma.

Shemeji Yannick, mdogo wake Odile, amepita jioni. Amesema yeye ndiye atakayempeleka mama yake, maana anafahamiana na Trésor, mpanda pikipiki wetu wa Mangobo, na watakaa pamoja na mafundi. Ameyasema hayo akila lituma yangu, na ndizi zenyewe nilitwanga mimi. Tutaona!

Jumanne, tarehe 5

Asubuhi ofisi ya mashindano. Katibu, Madame Josée, amesema kadi za jukwaa haziuzwi. Ni za wakubwa na za marais wa vyama. Nikauliza vyama gani. Akasema chama chochote chenye muhuri.

Saa nne sikuwa na chama. Saa saba nilikuwa rais! Chama cha Marafiki wa Mota wa Mangobo. Barua nimeichapa vizuri, ya kuwapongeza kwa hiyo Rand Prix, kisha G nimezijaza kwa kalamu.

Muhuri nimeuchonga kwenye soli ya kandambili ya Odile, mguu wa kushoto. Kazi safi. Herufi zimenyooka, zinasomeka kabisa kwenye soli. Kwenye karatasi zimetoka kinyumenyume. Hilo sikulifikiria. Nilitaka kuanza upya na mguu wa kulia, lakini Odile ameshauficha. Amebaki anatembea peku uani huku akiniangalia.

Wino ni wa zambarau. Unapendeza.

Jumatano, tarehe 6

Ushindi! Karibu.

Madame Josée aliigeuza barua juu chini, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akamwita mwenzake Asumani, mtu wa Kindu aliyesoma Kurani tangu utoto, amwambie kama hicho ni Kiarabu. Asumani akatazama kwa muda mrefu. Akasema Kiarabu hapana, ila muhuri ni wa duara na wino ni wa zambarau, kwa hiyo ni muhuri wa kweli. Nimempenda sana huyu mtu.

Kisha nikaulizwa wanachama ni wangapi. Nikasema themanini. Ningeweza kusema wanane! Themanini ilitoka yenyewe. Madame Josée akafurahi sana. Akasema Ijumaa nije nao wote tufyeke majani na kupigilia mabenchi misumari, ndipo kadi zitoke.

Mchana Mama Pélagie amefika, na samaki wa kukaushwa kikapu kizima. Nilipomwona anaingia uani niliruka kutoka kitini, nikapitia mlango wa jikoni, nikamsalimu nikiwa nyuma ya kamba ya nguo, macho chini. Ndivyo inavyotakiwa. Mkwe mwanamume hakai alipokaa mama mkwe, hali mbele yake, hampi mkono. Nimekula nyuma ya jiko, sahani magotini, kama kila mara anapokuja. Nimezoea.

Kutoka hukohuko nikamtuma Odile amwambie mama yake kwamba Jumapili atakaa na mimi kwenye Jukwaa la Heshima. Odile akauliza kama kadi ni mbili. Nikasema mbili. Akauliza kama viti vitakuwa karibu. Nikasema karibu kabisa, bega kwa bega! Aliniangalia. Akaniuliza kama nimefikiria vizuri. Nikamwambia jukwaa lina paa, jua halitatusumbua. Akashika mdomo, akaenda kuchota maji, na ndoo zilikuwa zimejaa. Wanawake na mipango mikubwa!

Ijumaa, tarehe 8

Nimefika peke yangu na panga moja.

Madame Josée alitazama nyuma yangu barabarani, akasubiri. Mwishowe akauliza: "Papa Président, na bale bengine iko wapi?" Nikasema wako matangani. Akauliza nani amekufa. Hapo ndipo mdomo wangu uliponisaliti, maana nilikuwa njia nzima nimemfikiria mtu mmoja tu. Nikasema Yannick.

Alisikitika kwa moyo. Akaandika jina kwenye daftari lake, akapiga mstari chini.

Nimefyeka kuanzia saa mbili hadi saa tisa. Majani ya watu themanini. Kisha mabenchi. Nyundo imenipata kidole gumba mara tatu, mara zote kidole kilekile. Namba za viti niliandika mwenyewe kwa chaki, nikazibananisha ili watu wengi wapate nafasi, kama rais anayejali watu.

Lakini jioni: KADI MBILI! Namba 14 na 15, benchi ya pili, kivulini. Nimerudi nyumbani nikiimba. Watu wa Mangobo wamenipisha njiani, labda kwa sababu ya panga.

Jumamosi, tarehe 9

Yannick amekuja uso umemshuka. Trésor amemwambia kwa mafundi wanaingia mafundi tu. Nikazitoa kadi zangu, nikazifuta vumbi ambalo halikuwapo, nikaziweka mezani, nikazisahau pale makusudi. Alizisoma mbele na nyuma. Aliuliza kama hakuna ya tatu. Nikasema pole, shemeji, kamba ni ndefu, hutakosa pa kushika.

Sijawahi kuwa na Jumamosi nzuri kama hii.

Mama Pélagie alikuwa jikoni na Odile, mimi nje ya ukuta. Nimemsikia akiuliza: "Ule mutu ya Opala, yeye mwenyewe atakala wapi?" Odile akanipitishia swali, nikampitishia jibu: namba 15, pembeni ya mama. Mwiko ulisimama kwenye chungu. Halafu mama mkwe akauliza mtumbwi wa kwenda Yanonge unaondoka saa ngapi Jumapili.

Ana haraka ya kwenda kuwasimulia watu wake. Naelewa. Hata mimi nisingeweza kungoja.

Jumapili, tarehe 10

Naandika polepole, kidole gumba kimevimba. Nianze mwanzo.

Baada ya misa tulikwenda. Mimi mbele hatua kumi, Mama Pélagie na Odile nyuma, mama mkwe amevaa liputa, kitenge chake cha kijani cha chama cha wamama wa parokia. Odile akabaki kwenye kamba na dada zake wa kanisani. Asumani mlangoni alinipigia saluti. Mama Pélagie akapanda, akapata 14, akakaa. Akauweka mkoba magotini na kuushika kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri mtumbwi.

Nikaitafuta 15.

Ilikuwa kiganja kimoja kutoka kwake. Kimoja! Niliyeipima ni mimi. Nikainua mguu nipite, na mguu ukakataa. Miaka kumi na mmoja nakula nyuma ya jiko, leo nikabanane kiuno kwa kiuno na mama yake mke wangu, mbele ya bwana wa komini, mbele ya wamama wanne wa Yanonge waliokaa benchi ya tatu na waliokwisha kunyamaza ili waone vizuri? Nilisimama mguu mmoja juu. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Mama Pélagie hakunitazama. Alitazama barabara tu.

Nikaushusha mguu. Nikasema kwa sauti ya rais kwamba mimi sikai, mimi nina kazi ya kuangalia huku nyuma. Kisha nikamwita Yannick aliyekuwa amening'inia kwenye kamba, nikampa kadi. Kwa mkono wangu mwenyewe! Alikaa pembeni ya mama yake. Akanyoosha miguu. Akaniomba na kofia yangu, jua linapenya upande ule.

Basi Grand Prix nimeitazama kutoka nyuma ya jukwaa, kati ya mbao mbili. Niliona kisigino cha Mama Pélagie na viatu vya Yannick. Nilikuwa najiona mjinga kuliko watu wote wa mkoa wa Tshopo.

Huko nyuma akatokea Trésor na pikipiki yake, namba saba kifuani, anaongea peke yake. Akaniambia: "Papa, shika kwanza moto yangu, nakuya sasa hivi." Akakimbilia majanini kukojoa. Nikaishika pikipiki. Ilikuwa ya moto na nzito, inanguruma mikononi hadi meno yangu yakagongana. Akarudi, akanishukuru, akasema nimemtuliza. Hata nafasi ya kuililia hali yangu vizuri sikupata.

Kisha kipaza sauti kikapiga mluzi. Sauti ya Madame Josée: kabla ya kuanza, watu wote wasimame dakika moja kimya kwa ajili ya marehemu Yannick, mwanachama mpendwa wa Marafiki wa Mota wa Mangobo. Kati ya mbao nikaviona viatu vya Yannick vinasimama. Akavua kofia yangu. Alisimama vizuri, kwa adabu, kuliko wote. Alimwambia mama yake kwamba majina yanafanana tu, Yannick ni wengi. Nikamsikia mama mkwe analia polepole, anamsikitikia mama wa huyo mtoto, mwanamke asiyemjua. Niliona aibu ya kweli. Ilidumu hadi bendera iliposhuka.

Halafu ngurumo! Mbao zote zilitikisika, vumbi likapita chini ya jukwaa na kunijaa mdomoni. Mizunguko nilihesabu kwa masikio. Kila Trésor alipopita, visigino vya Mama Pélagie viliondoka kwenye mbao. Aliruka! Mwanamke wa miaka sitini na nane! Alipiga vigelegele hadi nikacheka peke yangu. Trésor amekuwa wa pili, nyuma ya yule wa ndege, na Mangobo nzima imeingia barabarani kumbeba.

Ilikuwa katika mzunguko wa kumi na mbili, au kumi na tatu. Nimekaa juu ya tairi bovu. Nikasikia juu yangu, wazi kabisa, katikati ya kelele: "Yannick, pelekea bokilo yangu hii. Iko nasimama tangu saa sita."

Bokilo yangu!

Mkono wa Yannick ukapenya kati ya mbao na lituma imefungwa kwenye jani, na kipande cha samaki ndani, kile cha tumboni. Nimekula nyuma ya jukwaa, sahani yangu jani, magotini. Machozi yalinitoka. Vumbi lilikuwa jingi, lakini nakubali, si vumbi tu. Nimefurahi. Naandika tena: nimefurahi.

Jumatatu, tarehe 11

Mama Pélagie ameondoka alfajiri. Nimebeba kikapu chake hadi bandarini, hatua kumi nyuma. Mbele ya watu wote wa mtumbwi amesema huyo ni bokilo yake. Alisema mara mbili. Mtumbwi umepotea machoni, mimi bado napunga mkono.

Odile amenieleza yote wakati wa chai. Kwamba mama yake alikuwa ameshaufunga mzigo tangu Jumamosi. Kwamba kama ningekaa pale pembeni yake, angeshuka bandarini saa ileile na asingerudi nyumbani kwangu tena. Kwamba kadi hazikumhusu, angeweza kusimama hata kwenye kamba. Kwamba wamama wa benchi ya tatu waliona ule mguu ukishuka, na sasa Yanonge yote itajua kwamba binti yake ameolewa na mtu mwenye heshima.

Nimemsikiliza hadi mwisho, sikumkatiza. Ni wazi kabisa: ni ule muhuri.

Madame Josée nimekutana naye sokoni. Kamati imetenga gunia la mchele kwa familia ya marehemu. Nimemtuma Yannick akalipokee, aseme yeye ni mdogo wake marehemu, tutagawana. Amekubali haraka. Amerudi kutoka mlangoni kuniuliza ni marehemu yupi. Nimemwambia aulize hukohuko.

Mwaka ujao nachukua kadi tatu. 14 ya mama mkwe, 16 yangu, na 15 ibaki wazi katikati kwa ajili ya heshima. Kwa kadi tatu chama kinahitaji wanachama mia mbili, na muhuri mkubwa zaidi. Soli ya kulia nimeipata, Odile aliificha chini ya gunia la ndizi za makemba. Safari hii nazichonga herufi kubwa, zinyooke, zisomeke vizuri kabisa kwenye soli.