Injini ya Boti Yauzwa Uyole

Siku watu walipogawiwa aibu, Silvester wa Iringa hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumuuzia mtu kitu kisicho chake. Akaishi bila aibu, na akaishi vizuri, mpaka mwaka 1954, baba yake Tekla, msichana aliyetaka kumwoa, alipomwita na kumwambia: "Ng'ombe sita kabla ya Pasaka. Usipowaleta, binti anaolewa na mwalimu Bartholomeo." Bartholomeo alikuwa na meno machache, lakini ng'ombe alikuwa nao.

Silvester akapandisha baiskeli yake juu ya basi, akaenda Mbeya kutafuta wajinga.

Aliposhuka Uyole, penye njia panda ya kwenda ziwani, aliona dude la chuma kubwa kuliko kibanda, limelazwa juu ya magogo kando ya barabara. Akafunua turubai. Zamani alipangusa grisi karakana ya Dar es Salaam kwa miezi miwili, kabla hawajamfukuza, kwa hiyo alilitambua: injini ya dizeli ya mipigo miwili, ya boti la kuvuta matishari. Ilikuwa ikipelekwa Ziwa Nyasa, lori likavunjika ekseli, na dereva, Ambrosi, akaenda mjini kutafuta nyingine. Mlinzi hakuwekwa. Nani angeiba mzigo wa tani kumi?

Kuiba, hapana. Silvester hakuwa mwizi. Yeye aliuza tu.

Mtu wa kumuuzia alikuwa jirani kabisa: Jailos, mzee wa kanisa mwenye mashine ndogo ya kusaga, ambaye kila Jumapili alimwomba Mungu mashine zote za washindani wake wa Ilomba zife.

"Ugonile, mzee wangu," Silvester alimsalimia kwa Kinyakyusa. "Nimeleta injini itakayosagia Mbeya nzima."

Jailos akaizunguka injini taratibu, akaigonga kwa fimbo. "Mbona kubwa hivi?"

"Ukubwa ni wa mwili tu, kazi yake ni nyepesi. Injini nyingine hupiga mipigo minne ndipo zifanye kazi mara moja, kama kibarua anayeomba tumbaku kila akiinua jembe. Hii mipigo miwili tu, imeshafanya kazi!"

"Inawashwaje?"

"Kwa upepo uliobanwa ndani ya chupa za chuma."

"Upepo tunao," alisema Jailos, akishika kofia yake isipeperuke.

"Tena huzunguka mbele na nyuma. Mbele inasaga, nyuma inakoboa."

Jailos akafumba macho kama anayepokea sakramenti. Silvester alimdharau kwa moyo wake wote. Ni vizuri kumdharau mtu unayemwibia; kunapunguza uchovu.

"Pesa sina, mwanangu," alisema Jailos. "Nina ng'ombe."

Silvester alitaka kumkumbatia. Walikwenda zizini, akachagua sita, wote wanono. Jailos akakohoa.

"Sisi Wanyakyusa hatutoi ng'ombe mkono mtupu. Zizi lazima liheshimiwe."

"Kwa kitu gani?"

"Hata baiskeli yatosha."

Silvester akaitoa baiskeli akicheka moyoni. Baiskeli kwa ng'ombe sita! Akakata fimbo, akaanza kuswaga kuelekea Iringa, akipiga mluzi.

Hakufika mbali. Karibu na soko mama mmoja mnene, Atuganile, alisimama katikati ya barabara, nyuma yake shemeji zake wanne wenye marungu.

"Kagile!" aliita. Ng'ombe wa mbele akainua kichwa, akamwendea, akamlamba mkono.

"Ng'ombe wangu unawapeleka wapi, baba?"

"Wako? Nimewanunua kwa Jailos!"

Watu wakaangua kicheko. Kumbe huko zizi la mtu si mali ya mtu. Mwenye ng'ombe huwagawa kwa marafiki wamtunzie, ili maradhi yakiingia zizi moja yasimalize wote. Kila mtoto wa Uyole alijua hilo. Silvester, mtu wa mjini, alihesabu mikia, hakuuliza majina.

Jailos akatokea, juu ya baiskeli.

"Mzee, waambie!" Silvester alilia.

"Niwaambie nini? Sikujui, bwana. Nimeamka, nimekuta zizi limepungua."

Tarishi wa chifu alikuwa keshafika na kamba. Wizi wa ng'ombe ulikuwa miaka gerezani, na Pasaka ilikuwa wiki tatu mbele. Silvester alipiga hesabu upesi. Akishikilia kwamba alinunua, watauliza kwa kitu gani. Akisema kwa injini, watauliza injini ya nani. Na Ambrosi, dereva wa lori, alikuwa keshafika na ekseli, yuko pale pale sokoni anakula ndizi za kuchoma. Lakini utapeli una faini, na faini huisha. Akavuta pumzi.

"Basi nasema kweli! Nilimuuzia injini ile ya boti, awe anasagia mahindi!"

Soko zima likacheka mpaka kuku wakaruka. Ambrosi alipaliwa na ndizi.

"Injini ya boti!" alisema Atuganile, akifuta machozi. "Huku milimani! Mwongo huyu hata hajui kudanganya. Nani awe mjinga wa kuinunua?"

"Hata mimi nashangaa, dada," alisema Jailos kwa masikitiko.

Wakamfunga mikono Silvester, wakaondoka naye. Ilikuwa kweli kamili ya kwanza aliyoisema tangu atoke Iringa, nayo ndiyo bidhaa yake pekee iliyokosa mnunuzi.