Ukuta wa Mashudu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Leo ni leo! Wafadhili wanajenga madarasa Kasoli, wanataka mkandarasi anayejali mazingira. Eti afuate malengo ya maendeleo ya dunia, yote kumi na saba. Nimesoma hadi la tatu nikachoka. Tumebaki wawili: mimi na Milembe, yule mwenye mashine ya matofali ya kufungamana. Kila mmoja ajenge ukuta wa mfano, Ijumaa mkaguzi anapita. Mke wangu Kabula kasema nikikosa kazi hii, Jumamosi tunakwenda Nkoma kwa baba yake kuchuma pamba. Mimi! Luhaga, mkurugenzi, niiname mbele ya baba mkwe! Haiwezekani.

Jumanne, 10 Juni
Nimepata! Milembe anatia saruji. Kiwanda cha saruji kinatoa moshi. Mimi natia mashudu, makapi ya mbegu za pamba zikishakamuliwa mafuta. Taka zetu wenyewe! Fundi wangu Nyanda kaguna. Kasema hicho ni chakula cha ng'ombe, Usukumani kote wanajua. Nikamjibu kwamba ng'ombe hawakuomba tenda. Nimeongeza molasi, ile shira ya miwa, udongo ushikane, na chumvi usioze.

Alhamisi, 12 Juni
Ukuta umesimama! Unanukia, we acha tu. Milembe kapita na pikipiki, kanipa salamu ya mwangaluka, kauliza mbona sijaweka uzio. Wivu huo. Mzee Jilala naye kasimama na mifugo yake, kautazama ukuta. Ng'ombe wake pia. Nikajua nimewagusa.

Ijumaa, 13 Juni
Aibu! Mkaguzi, mama Violeth wa Dar, kafika saa nne. Nikaanza hotuba. Nimefika lengo la pili, kumaliza njaa, nasikia kengele. Kundi zima la mzee Jilala! Wakapita katikati yetu bila hodi. Wakaulamba ukuta, kisha wakautafuna. Nikalivuta dume moja mkia. Likanitazama, likaendelea kula. Nyanda alicheka hadi akakaa chini. Chai inaletwa, umebaki msingi. Mama Violeth akauliza kwa upole ukuta ulikuwa upande gani. Kazi kapewa Milembe. Roho inaniuma, jamani! Mzee Jilala kauliza, kwa heshima zote, nitajenga mwingine lini.

Jumatatu, 16 Juni, Nkoma
Nachuma pamba. Mgongo wangu! Baba mkwe ananitazama tu. Lakini nimewaza. Jengo la Milembe likibomoka litaacha kifusi. Langu liliacha nini? Hata punje! Kampuni gani nyingine ina jengo lisiloacha taka? Nimempigia mama Violeth kumweleza. Simu ikakatika, mtandao wa huku mbovu. Nimeanza kuchora zahanati, paa la majani ya viazi vitamu. Kabula kauliza, na mbuzi je? Mwanamke huyu hana maono. Nimemwambia zahanati itakuwa ya ghorofa. Mbuzi hapandi ngazi.