Stendi Isiyozidi Kiatu Kimoja na Nusu

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Na hilo ndilo shemeji asilotaka kulielewa: mwanamume haazimi stendi ya kupigia picha na mke wake. Jana kwa wakwe nilimweleza mara mbili. Akacheka, akanipiga bega, akasema, shem, utarudi tu hapa, mlango uko wazi. Stendi yake ni nzito kama mguu wa kitanda na ndefu kama ulimi wake. Asante, sitaki.

Niandike mambo kwa mpangilio. Nina wiki tisa ndani ya ndoa. Mke wangu (bado napenda kuyaandika maneno haya, mke wangu) ni mpima ardhi. Jumatano ya wiki ijayo anakwenda kambini kupima barabara mpya. Miezi mitatu. Na hatuna hata picha moja ya sisi wawili tu. Za harusi zipo mia mbili na kitu, na katika kila moja shemeji, kaka yake, kasimama katikati yetu kama nguzo ya umeme. Za kujipiga wenyewe hazifai. Mkono wangu mfupi, uso wangu unajaa kama sinia, mke wangu anachungulia nyuma ya sikio langu. Wapita njia nao hukata vichwa.

Jumamosi tunakwenda milimani, siku mbili. Huko ndiko picha itakakopigwa, sote wawili, kuanzia unyayo hadi utosi, aende nayo kambini. Kamera tunayo, zawadi ya harusi kutoka kwa wenzake wa kazini. Kinachokosekana ni stendi ya miguu mitatu: fupi, imara, na ya bei anayoiweza muuza viatu. Fupi kwa sababu mke wangu ameamuru begi moja tu la mgongoni kwa watu wawili. Nimeipenda amri hiyo. Nguo zetu zitasafiri zimekumbatiana.

Na itakuwa siri. Atashtukia tu picha imepigwa.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Nimepima begi asubuhi mke wangu akioga. Utepe wake wa kupimia huenda nao kazini, kwa hiyo nilitumia kiatu cha maonyesho kutoka dukani kwetu, namba 46, cha kulia. Miaka sita nauza viatu, namba ya kiatu haijawahi kunidanganya. Begi linachukua kiatu kimoja na nusu. Nikaweka alama ya chaki kwa ndani. Safi kabisa.

Mchana nikaenda duka la vifaa vya picha. Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kwenye kamba. Nikamwambia nataka stendi ambayo ikikunjwa haizidi kiatu kimoja na nusu. Akauliza kiatu cha nani. Nikakitoa mfukoni na kukiweka mezani. Hakucheka. Alivaa miwani, akakitazama, akaenda nyuma. Huyo ndiye mfanyabiashara.

Alinifundisha mengi. Mguu wenye vipande vingi hukunjika mfupi, lakini kila kiungo ni udhaifu mwingine, kwa hiyo vinne vinatosha, vitano ni tamaa. Nguzo ya katikati usiipandishe ila ukiwa umeshikwa pabaya. Chini yake kuwe na ndoano ya kutundikia mzigo, upepo usiiangushe. Na ukikunjua, anza na vipande vinene vya juu, vile vyembamba vya chini viwe vya mwisho. Niliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayesikia. Kwa kweli nilikuwa namwona mke wangu juu ya kilima, ukingo wa kitambaa chake ukipepea.

Mpya nzuri ipo. Bei yake itamaliza bahasha yangu yote ya akiba, lakini haitaizidi. Kesho naichukua.

Jioni nilipima begi tena, kuhakikisha.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Balaa. Kiatu nilikisahau ndani ya begi.

Mke wangu alikaa mezani, kiatu mbele yake, akauliza kwa upole huyu wa namba 46 ni nani. Mimi navaa 40. Upole wake ndio ulionitoa jasho. Ulimi ukawahi: nikasema ni zawadi ya kumpa baba mkwe. Akauliza, kimoja? Nikasema cha kushoto kinafuata.

Halafu macho yake yakalainika, akanizunguka shingo kwa mikono miwili, na papo hapo akampigia baba yake simu. Baba mkwe alinibariki kwa sauti ya juu, mimi na kizazi changu. Akasema hajapewa viatu na mtu tangu aache shule. Naapa nilikuwa mwenye furaha kuliko watu wote, na pia nilitaka ardhi ipasuke.

Asubuhi tajiri wangu wa dukani alikuwa ameshauliza kiatu cha kulia kimekwenda wapi. Sasa atapata jibu, nanunua vyote viwili.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Bahasha imebaki nusu. Sikati tamaa. Waoga hawaoi.

Nilirudi kwa mama wa miwani, nikamweleza msiba wangu. Akasema kwa pesa hizo zipo mbili. Ya kwanza mpya, inang'aa, nyepesi kama unyoya, ukiigusa inatetemeka kama mwizi mbele ya hakimu. Ya pili imetumika. Imechubuka, vipande vinne, miguu minene, ndoano ipo, lakini mguu mmoja hauna mpira wa chini, na kibanio chake kimoja kimelegea. Kibanio kinakazwa kwa skrubu, akasema, niikaze kabla ya kupanda nayo mlima.

Wakati huohuo simu ikaita, shemeji. Amesikia habari za viatu. Eti, shem, umeanza kununua ukoo mzima, stendi utanunua kwa kitu gani? Nikamwambia niko kikaoni. Nikachukua iliyotumika. Kiatu kimoja na nusu, haikuzidi hata unywele.

Mpira niliukata mwenyewe dukani kutoka kisigino cha buti la zamani, nikaubandika kwa gundi yetu ya soli. Hapo sifundishwi na mtu. Stendi nimeificha ndani ya boksi la buti za mvua, juu ya kabati.

Skrubu nitaikaza kesho.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Nimetoka kazini mapema ili kuijaribu. Niliisimamisha sebuleni na kutundika mfuko wa mchele kwenye ndoano, kama nilivyofundishwa. Ilisimama kidete. Nikarudi nyuma kuitazama kwa fahari, nikaona mguu mmoja unazama polepole kama mzee anayeketi. Kibanio. Nilikimbia. Mchele ulinitangulia.

Punje zilifika hadi chini ya kochi. Nikasikia mlango wa nje. Stendi niliirusha ndani ya boksi, nikachutama, na mke wangu aliponikuta nikamwambia nachambua mchele. Akauliza, sakafuni? Nikasema kuna mwanga mzuri.

Akavua viatu, akaketi karibu yangu, tukauchambua wote. Punje kwa punje, goti kwa goti, zaidi ya saa nzima. Alinisimulia jinsi wanavyopanga vigingi na jinsi kibarua wao anavyoiogopa darubini ya kupimia ardhi. Sijawahi kuwa na Ijumaa tamu kama hii. Kama nisingemwaga mchele, ningeyapata wapi haya?

Skrubu nimeikaza mke wangu alipokwenda kuosha mikono. Au nadhani nimeikaza.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Niandike haraka, nisisahau hata sekunde moja.

Jana tulifika kileleni adhuhuri. Hapana mtu. Upepo ulikuwa mkali, nyasi zote zimelala upande mmoja. Nilimwambia mke wangu afumbe macho, nikaitoa stendi chini ya masweta. Nikavuta vile vipande vyembamba vya chini kwanza. Nikapandisha nguzo ya katikati hadi mwisho, ili tuonekane warefu. Nikaweka kamera, sekunde kumi, nikakimbilia pembeni yake na kumwambia fumbua.

Alifumbua akaiona stendi inatuinamia, kama mtu anayetusalimu. Mimi niliganda. Yeye alipiga hatua mbili, akauzuia mguu wa stendi kwa kisigino na kuidaka kamera kwa mkono, hata pumzi haikumpanda.

Halafu akafanya kazi yake. Nilikuwa sijamwona kazini kamwe. Aliikunja yote, akatoa vipande vinene. Miguu miwili akaiweka upande wa bondeni, mmoja upande wa mlima, akaukanyaga kila mmoja hadi ukauma udongo. Nguzo akaishusha. Skrubu akaikaza kwa sarafu. Begi letu akalitundika kwenye ndoano. Akaipiga kofi, haikutikisika. Kila siku anasimamisha miguu mitatu ya darubini kwenye mabonde na matope, na mimi nilikuwa namficha yeye, mtu pekee nyumbani kwetu anayeijua kazi hiyo.

Picha ikapigwa. Sisi wawili. Hakuna shemeji. Yeye anacheka, mimi namtazama yeye badala ya kamera, vichwa vyote vipo.

Tukishuka akaniambia alijua tangu Jumatano. Hakuna mkwe anayenunua kiatu kimoja, na alama ya chaki ilikuwa ndani ya begi. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema viatu vya baba yake vimetoboka mwaka mzima na mzee hataki kununua vingine, akaona aache uongo wangu ufanye kazi. Mchele pia alijua. Ila ule, akasema, aliupenda.

Akaniomba jambo moja. Safari nyingine nikitaka kumshtukiza, nimuulize kwanza. Nimeapa, mkono kifuani.

Jumatano, tarehe 13 Mei

Ameondoka. Picha kaiweka ndani ya daftari lake la vipimo, ukurasa wa kwanza. Baba mkwe alikuja stendi ya mabasi na viatu vyake vipya, vinabana kidogo, hasemi. Shemeji aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasema imepinda. Mke wangu akamjibu kwamba picha imenyooka, kilichopinda ni mlima, na yeye ndiye mwenye cheti cha kujua. Nilimwoa upya pale pale, moyoni.

Jumapili, tarehe 17 Mei

Siku nne. Nyumba inatoa mwangwi. Nimekula nimesimama.

Nina wazo. Kabla ya kuondoka alisema wageni kambini ni mwisho wa mwezi wa sita, nisubiri anijulishe. Nimetafakari sana. Kosa langu mara iliyopita halikuwa siri, lilikuwa mahali pa kuificha. Safari hii kila kitu nimekipanga. Tajiri nimemwambia nang'oa jino. Jirani nimemwambia nina semina ya soli. Shemeji nimemwapisha, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua njia ya kambini. Aliapa vizuri. Kisha akauliza basi lipi, siku gani, saa ngapi, na kama dada yake atakuwa kazini, eti ajue tu.

Jioni hii mke wangu kaniandikia. Picha kaitundika hemani. Udongo ni mzuri. Na kama mtu yeyote atatokea kuja upande huo mwezi huu, alete soksi jozi mbili na sabuni ya kufulia, na apande basi la asubuhi, la mchana huharibika njiani.

Mpenzi wangu, maskini, hana habari hata chembe. Nimemjibu kwamba simjui mtu wa kuja huko. Soksi nimeshazitenga, za sufu, namba 38. Mwezi huu hautaisha kabla sijabisha hodi hemani kwake.